Futur antérieur (njeo ya Kifaransa)

*Futur antérieur* ni njeo ya vitenzi vya Kifaransa inayotaja tendo ambalo, likitazamwa kutoka nukta fulani ya mbele, limekwisha kutimia. Mfano wake wa kawaida ni *j'aurai fini*, "nitakuwa nimemaliza". Ni njeo ambatani: huundwa kwa kitenzi kisaidizi *avoir* au *être* kilichonyambuliwa katika wakati ujao sahili (*futur simple*), kikifuatwa na umbo timilifu la kitenzi kikuu, ambalo sarufi ya Kifaransa huliita *participe passé*.

Jina lake hupotosha kidogo. Anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni njeo ya utabiri, kumbe mifano mingi inayosomwa magazetini au kusikika mitaani huhusu mambo yaliyotokea jana, mwaka jana, au karne kadhaa zilizopita. Kinachounganisha matumizi yake yote ni mahali anaposimama msemaji. Hulipita tendo, akasimama mbele yake, kisha akageuka kulitazama likiwa limekamilika. Kama tendo hilo bado halijatokea au limekwisha kutokea, njeo yenyewe haisemi.

Muundo

*Avoir* katika wakati ujao hunyambuliwa *j'aurai, tu auras, il aura, nous aurons, vous aurez, ils auront*. *Être* hunyambuliwa *je serai, tu seras, il sera, nous serons, vous serez, ils seront*. Baada ya mojawapo huja participe passé: *nous aurons compris*, "tutakuwa tumeelewa", *ils seront partis*, "watakuwa wameondoka". Tofauti na Kiswahili, ambacho huweka nafsi mara mbili ("*ni*takuwa *ni*memaliza"), Kifaransa huinyambua nafsi kwenye kisaidizi peke yake.

Aliyekwisha kuimudu *passé composé*, yaani wakati uliopita ambatani, hana karibu lolote jipya la kukariri. *J'ai mangé*, "nimekula", hugeuka *j'aurai mangé*. *Elle est partie*, "ameondoka", hugeuka *elle sera partie*. Uchaguzi wa kisaidizi ni ule ule. Vitenzi vingi huchukua avoir, kikiwemo être chenyewe, ndiyo maana husemwa *j'aurai été* na si *je serai été*. Kundi dogo la vitenzi vya mwendo na mabadiliko ya hali huchukua être: *aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, devenir, naître, mourir* na jamaa zao kama *revenir* na *rentrer*. Vitenzi vyote vya kujirejea, kama *se lever* na *se tromper*, navyo huchukua être. Baadhi ya vitenzi vya mwendo hubadilisha kisaidizi vinapopata yambwa: *elle sera montée* ni "atakuwa amepanda juu", lakini *elle aura monté les valises* ni "atakuwa amepandisha masanduku".

Participe passé ya vitenzi vya *-er* huishia *-é* bila ubishi. Vya *-ir* vingi huishia *-i*, na vya *-re* vingi huishia *-u*, lakini vitenzi vinavyotumika zaidi ndivyo visivyofuata mkondo: *fait, pris, mis, écrit, ouvert, vu, lu, bu, reçu, vécu, mort, né*. Hakuna njia ya mkato, hukaririwa.

Kikanushi hukizunguka kisaidizi: *je n'aurai pas fini*. Viwakilishi vya yambwa hutangulia kisaidizi: *je l'aurai vu*, "nitakuwa nimemwona". Vielezi vifupi hukaa katikati: *j'aurai bientôt terminé*. Swali rasmi hugeuza mpangilio na kuingiza *t* ya matamshi kati ya irabu mbili: *aura-t-elle compris ?*

Upatanisho wa participe passé ni somo lenye historia yake. Kwa être hupatana na kiima kwa jinsia na idadi: *elles seront arrivées*. Kwa avoir haibadiliki, isipokuwa yambwa tendwa iwe imetangulia kitenzi: *j'aurai écrit les lettres*, lakini *les lettres que j'aurai écrites*. Kanuni hii ilienezwa katika karne ya 16 na mshairi Clément Marot, aliyechukua mfano wa Kiitaliano, na tangu hapo imewatesa hata wanafunzi wa Ufaransa wenyewe. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji walipendekeza hadharani iachwe na umbo hilo lisibadilike kamwe baada ya avoir. Wengi walishangilia na wengi walikasirika, lakini vitabu vya shule vinaendelea kuifundisha. Vitenzi vya kujirejea vina utata zaidi: *elle se sera lavée*, "atakuwa ameoga", huchukua *e* ya kike, ilhali *elle se sera lavé les mains*, "atakuwa amenawa mikono", haichukui, kwa kuwa yambwa tendwa sasa ni mikono, nayo imekuja nyuma.

Asili

Kilatini kilikuwa na njeo ya namna hii katika neno moja: *amavero*, "nitakuwa nimependa". Ilipotea katika lugha iliyokuja kuwa Kifaransa, kama ulivyopotea wakati ujao wa kale wa Kilatini kwa jumla. Badala yake watu walitumia kitenzi cha jina pamoja na *habeo*, "nina": *cantare habeo*, kwa maana ya kuwa na jambo la kuimba. Maneno hayo mawili yaliungana na kuzaa *chanterai*. Kiapo cha Strasbourg cha mwaka 842, maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo ya lugha hiyo changa, tayari kina umbo *salvarai*, "nitaokoa", likiwa limeshikana kabisa.

Kitenzi hicho hicho *habeo* kilikuwa pia kimeanza kuungana na umbo timilifu ili kuunda nyakati ambatani za lugha za Kirumi. Njia hizo mbili zinakutana katika futur antérieur. *Aurai* ni *habere* iliyounganishwa na *habeo*. Kwa hiyo katika *j'aurai eu*, "nitakuwa nimepata", kitenzi cha "kuwa na" kimejificha mara tatu: katika mzizi wa kisaidizi, katika kiishio chake, na katika *eu*. Kiswahili kilipitia mlango mwingine: kiambishi -ta- kimetokana na "taka", ambayo bado inaonekana nzima katika "atakayekuja".

Tendo linalotangulia jingine

Hii ndiyo kazi ya msingi ya njeo hii, na hapa ndipo wanafunzi wa Afrika Mashariki hujikwaa zaidi. Matendo mawili yako mbele. La kwanza litakwisha ndipo la pili lianze. La kwanza hupewa futur antérieur, la pili futur simple: *Quand j'aurai fini, je t'appellerai*, "Nikimaliza nitakupigia". Viunganishi vyake ni *quand, lorsque, dès que, aussitôt que, une fois que* na *après que*. Kishazi kikuu chaweza pia kuwa amri: *Appelle-moi quand tu seras arrivée*, "Ukifika nipigie", maneno anayoagwa nayo kila apandaye basi la usiku.

Tatizo ni kwamba Kiswahili hakitumii "nitakuwa nime-" mahali hapa. Hutumia -ki-, na -ki- hiyo hiyo hubeba wakati na sharti pamoja. "Akija" ni *s'il vient* kwa asiye na hakika, na ni *quand il viendra* kwa yule anayemngoja kituoni. Kifaransa humlazimisha msemaji achague. Akichagua *quand* kwa jambo moja lijalo, kitenzi hakina budi kuwa katika wakati ujao, sahili au timilifu. Wanafunzi wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda wanakuja kwenye Kifaransa wakiwa wameshasoma Kiingereza, ambacho huweka wakati uliopo mahali hapo, na hivyo mitego inakuwa miwili: -ki- huwavuta kwenye *si*, Kiingereza huwavuta kwenye *quand je finis*.

Umbo la Kiswahili linalolingana vizuri zaidi na kishazi hiki ni -kisha-. Linganisha *Quand je mangerai, j'éteindrai la radio* na *Quand j'aurai mangé, j'éteindrai la radio*. Katika sentensi ya kwanza redio huzimwa chakula kikiwa mezani; katika ya pili, "nikishakula nitazima redio", vyombo vimekwisha kuondolewa. Mwalimu anayeanzia "nikishakula" hufika haraka kuliko anayeanzia "nitakuwa nimekula", ingawa vitabu vingi huanzia hilo la pili kwa sababu linafanana kwa umbo. Kwa vitenzi vya tendo la mara moja, kama kufika, tofauti hupungua: *quand il arrivera* na *quand il sera arrivé* hukaribiana sana, ila ya pili hukazia kwamba mgeni ameshaketi.

Kiima kikiwa kimoja katika vishazi vyote viwili, mara nyingi Kifaransa hukwepa suala zima kwa *après avoir* au *après être*: *Après avoir mangé, je sortirai*. Ama *après que*, sarufi rasmi huidai ifuatwe na *indicatif*, yaani hali ya kawaida ya taarifa: *après qu'il sera parti*. Wafaransa wengi huitumia na *subjonctif* (hali tegemezi) kwa kuifananisha na *avant que*, na hata watangazaji wa redio hufanya hivyo. Mtahini bado ataweka alama nyekundu.

*Tant que* pamoja na kikanushi hutoa sentensi inayojulikana na kila mtoto aliyekulia katika nyumba inayosema Kifaransa: *Tant que tu n'auras pas rangé ta chambre, tu ne sortiras pas*, "Hutoki mpaka uwe umepanga chumba chako".

Tendo lililotimia kufikia muda fulani

Badala ya tendo jingine, kipimo chaweza kuwa saa au tarehe: *D'ici vendredi, nous aurons réparé le toit*, "Kufikia Ijumaa tutakuwa tumetengeneza paa". Hapa Kiswahili na Kifaransa vinakwenda bega kwa bega.

Mwanafalsafa Mjerumani Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947, alipendekeza kwamba kila njeo ipimwe kwa nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tendo, na wakati wa kurejelea. Njeo hii ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini nukta mbili hazitoshi. *À huit heures, le car sera parti*: saa mbili iko mbele ya msemaji, na kuondoka kwa basi kuko kabla ya saa mbili. Lakini basi limeondoka kabla msemaji hajafungua kinywa, au wakati huo huo, au baadaye? Sentensi inaruhusu yote matatu. Anayemwambia nduguye *demain, tu auras reçu l'argent* hahitaji kujua kama fedha zimeingia tayari.

Kuna sentensi moja ambayo Kifaransa huipenda kidogo. Kwa "Mwezi Juni nitakuwa nimefanya kazi hapa miaka kumi", na kazi bado inaendelea, Mfaransa husema *En juin, cela fera dix ans que je travaille ici*, akiweka wakati ujao kwenye hesabu ya miaka na kuacha kazi katika wakati uliopo. *J'aurai travaillé dix ans* inasikika kana kwamba mtu anaaga.

Kukisia yaliyopita

Mgeni hajafika, simu haipokelewi. *Il aura raté le train*, husema mwenyeji: "Atakuwa amekosa treni". Tendo liko nyuma kabisa. Kilicho mbele ni uthibitisho wake. Msemaji anasogea hadi pale ukweli utakapojulikana na kusema kile anachotarajia kukikuta. Kiswahili kina matumizi haya haya kwa umbo hilo hilo, na msemaji wake huyaelewa bila maelezo: "atakuwa amesahau", "watakuwa wamelala", *il aura oublié, ils se seront endormis*. Ni bahati ambayo wanafunzi wa lugha nyingine wangeitamani. Kwa ukisiaji wa jambo la sasa, Kifaransa hutumia futur simple, hasa ya être: mtu akibisha hodi, *ce sera le facteur*, "huyo atakuwa tarishi". Katika mazungumzo *il a dû oublier*, "lazima amesahau", hutumika zaidi. *Il aura oublié* ina upole fulani, ni dhana isiyomlaumu mtu.

Isichanganywe na *conditionnel passé*, ambayo vyombo vya habari huitumia kwa habari isiyothibitishwa. *Le ministre aurait démissionné* ni "inadaiwa waziri amejiuzulu". Mwandishi hachukui dhamana ya habari hiyo. *Le ministre aura démissionné* ni hitimisho la mwandishi mwenyewe, au tathmini ya jambo lililokwisha. Katika vyumba vya habari vinavyofanya kazi kwa lugha zote mbili, kama Radio Okapi ya Kongo inayotangaza kwa Kifaransa, Kiswahili na lugha nyingine tatu za nchi hiyo, kuteleza hapa ni kumhukumu mtu kwa uvumi. Katika nafsi ya tatu masikio husaidia, kwani *aura* na *aurait* hutamkwa tofauti. Katika nafsi ya kwanza, *j'aurai* na *j'aurais* hutamkwa sawa na Wafaransa wengi, na *s* ya mwisho huonekana kwenye maandishi tu. Hilo ni miongoni mwa makosa ya tahajia yanayoonekana sana katika barua za Wafaransa wenyewe.

Kupiga hesabu ya mwisho

Matumizi haya hupendwa na waandishi wa historia, wa michezo na wa taazia. Jambo limekwisha, mwisho wake unajulikana, na lugha ingeweza kutosheka na wakati uliopita. Mwandishi badala yake hujiweka kwenye kilele cha baadaye na kulitazama jambo zima kama hesabu iliyofungwa: *La guerre de Cent Ans aura duré cent seize ans*, Vita vya Miaka Mia vilidumu miaka 116, kuanzia 1337 hadi 1453. *Senghor aura dirigé le Sénégal pendant vingt ans*, kuanzia 1960 hadi 1980. *Les Bleus auront attendu vingt ans leur deuxième étoile*: timu ya Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia 1998 na kulirudia 2018. Ukiandika *a duré, a dirigé, ont attendu*, ukweli haubadiliki hata kidogo. Kinachopotea ni sauti ya mtu anayetoa hukumu.

Kiswahili hakina umbo maalumu kwa hili. "Senghor atakuwa ameongoza Senegali miaka ishirini" ingeeleweka kama dhana ya mtu asiye na uhakika, kwa hiyo mfasiri makini huweka wakati uliopita na kuongeza "kwa jumla", "hatimaye" au "mwisho wa yote". Katika tafsiri za haraka za habari za Kifaransa "atakuwa ame-" hupenya hapa mara kwa mara, na msomaji hubaki akijiuliza kama mwandishi ana shaka kuhusu vita vilivyokwisha karibu karne sita zilizopita.

Mhakiki Mfaransa Roland Barthes, katika *La Chambre claire* ya 1980, alilipeleka wazo hili kwenye picha. Mbele ya picha ya Lewis Payne, kijana aliyepigwa picha na Alexander Gardner mwaka 1865 akisubiri kunyongwa, Barthes aliona nyakati mbili kwa pamoja: atakufa, na amekwisha kufa. Aliitaja futur antérieur kama njeo ya picha hiyo. Mtaalamu wa uchanganuzi-nafsi Jacques Lacan naye, katika hotuba yake ya Rome ya mwaka 1953, aliitegemea njeo hii kueleza jinsi mtu anavyosimulia maisha yake. Si njeo nyingi zilizobahatika kupata wanafikra wawili.

Zipo pia semi zilizogandamana. *On aura tout vu !* ni mshangao wenye karaha, "Dunia hii tutaona mengi!" *Tu l'auras voulu* ni "Umeyataka mwenyewe", na *je t'aurai prévenu* ni onyo la mwisho, "Usije ukasema sikukuambia". Waandishi wa makala hupenda *vous l'aurez compris*, "bila shaka mmeshaelewa", hata pale ambapo msomaji hajaelewa kitu.

Mipaka

Baada ya *si* ya sharti, njeo hii imepigwa marufuku, kama ilivyo futur simple. Mahali pake hukaa passé composé: *Si tu as fini à midi, nous irons à la plage*, "Ukiwa umemaliza saa sita, tutakwenda ufukweni". *Si* ya swali la taarifa haina marufuku hayo: *je me demande s'il aura fini*. Vishazi vinavyodai subjonctif navyo haviipokei, kwa kuwa subjonctif haina wakati ujao: *je doute qu'il ait fini demain*, ambapo *ait fini* hufanya kazi ya *aura fini*, na *demain* pekee ndilo linaloonyesha kwamba jambo liko mbele.

Simulizi ikirudishwa nyuma, futur antérieur hugeuka conditionnel passé. *Il viendra quand il aura mangé* hugeuka *il a dit qu'il viendrait quand il aurait mangé*.

Katika mazungumzo ya haraka, Wafaransa huiacha kabisa pale muda ulipo mfupi: *Dans cinq minutes, j'ai fini*, sawa na Mswahili anayesema kwenye simu "dakika tano nimefika" akiwa bado anavaa viatu. Husikika pia *je vais avoir fini*, iliyojengwa juu ya *aller*. Na kwa upande mwingine kabisa lipo umbo lililorundikwa visaidizi viwili, *quand j'aurai eu fini*, linalokazia kwamba tendo litakuwa limemalizika kabisa kabla ya jingine. Sarufi hulitaja, wasemaji wachache hulitumia, na mwanafunzi atakayelisikia anaweza kulielewa bila kulazimika kuliiga.